Waliotetemeka Kabla Yetu

Ukitaka kujua ni akina nani waliokuwa na ugonjwa wa kutetemeka katika Kibakwe ya utoto wangu, daftari la zahanati halitakusaidia, kwa sababu hakuna aliyeandikwa humo. Ushahidi uliobaki uko kwenye vitu na midomoni mwa watu. Kuna kigoda cha miguu mitatu ambacho alama zake za tezo zimekwenda mrama. Kuna ngoma ya muheme iliyohama mikono kabla ya wakati wake. Kuna bibi ambaye wajukuu zake mpaka leo wanasimulia kwamba alikunywa uji kwa kibuyu chenye mdomo mwembamba, maana bakuli lilimwaga nusu kabla halijamfikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa huku kwenye vilima vya kusini mwa Wilaya ya Mpwapwa, mahali ambapo Wagogo, Wahehe na Wasagara wameoana mpaka watoto hawajui waseme wao ni nani. Tunalima mahindi, mtama na karanga, na mabondeni vitunguu. Mkono wangu wa kulia sasa unatetemeka wenyewe ninapoupumzisha pajani. Tangu nilipoambiwa kwamba ni ugonjwa wa Parkinson, nimekuwa nikiwafikiria upya wazee wale, mmoja mmoja. Waliishije? Nani alimlisha nani? Nani aliachwa pembeni, na nani aliendelea kuitwa?

Daktari wa kizungu hakuwa mgeni wilayani kwetu. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1878, na mmoja wao, Edward Baxter, alikuwa tabibu. Mpwapwa ilikuwa njia ya misafara, mahali pa kupumzika na kujaza maji kabla ya kuingia Ugogo kwenyewe. Wapagazi wenye vidonda na homa walipita hapo kwa maelfu. Lakini vilima vyetu vilikuwa kando ya njia hiyo, na mzee aliyeanza kuburuta mguu hakubebwa machela kwenda kwa Baxter. Hata angebebwa, angepata nini? Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa London mwaka 1817 na tabibu James Parkinson, katika kijitabu kilichohusu watu sita tu, na baadhi yao hakuwahi kuwatibu: aliwaona wakitembea barabarani, akatazama mwendo wao. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla Jean-Martin Charcot wa Paris hajaupa ugonjwa jina la mtu huyo. Tiba ya maana haikuwepo London wala Paris, sembuse Mpwapwa.

Namna hiyo ya Parkinson, ya kutazama watu wakipita, ndiyo ninayoitumia kuwatambua wazee wangu. Dalili zake hazijifichi kwa aliyezizoea. Mtetemeko huanza upande mmoja, na huja mkono ukiwa umetulia. Mkono ukishika mwiko, mtetemeko unapungua. Kidole gumba na cha shahada husuguana kama vya mtu anayefikicha karanga zilizokaangwa ili kuondoa ganda lake jekundu. Kisha viungo hukakamaa, hatua hufupika, mkono mmoja huacha kupunga mtu anapotembea, sauti hushuka, na uso hupoteza miondoko yake.

Fundi wa vigoda wa kitongoji chetu alikuwa hivyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa tumwa. Mkono wake wa kushoto ulianza kufikicha karanga zisizokuwepo, na baada ya misimu kadhaa tezo likawa linaangukia pasipotakiwa. Nyumbani tunacho kigoda kimojawapo cha mwisho alichomaliza mwenyewe: mguu mmoja umechongwa laini, miwili ina mikato mifupi mifupi. Lakini hakufukuzwa kwenye gogo lake. Vijana wawili wakawa wanachonga, yeye amekaa pembeni. Aliletewa mti, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama una ufa ndani, kisha akasema huu ndio, ule rudisheni. Mteja alipokuja alipatana naye yeye, si na vijana. Alipokuwa mgumu wa kuinuka, walimweka mahali ambapo kila apitaye kwenda kisimani ilimlazimu amsalimie. Sijui kama walifanya makusudi. Najua kwamba mtu anayesalimiwa kutwa nzima hutumia sauti yake, na leo wataalamu wa mazoezi huwahimiza wagonjwa kama mimi tuitumie sauti yetu kwa nguvu kila siku isije ikafifia.

Mwingine alikuwa mpigaji wa muheme, ndugu wa upande wa baba, nami nilimwita shangazi. Kwa Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake: unaibana kati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na wenzako wanaitikia kwa zao mpaka ardhi nayo inaitikia. Mikono ya shangazi ilipopoteza kasi, ngoma yake kubwa alikabidhiwa mwanamke mwingine, na iliuma. Lakini hakuondolewa kwenye kundi. Aliimba, na aliwakosoa wasichana waliokimbia mdundo.

Jambo moja kwake lilitushangaza sisi watoto. Mlango wa tembe ni mfupi, lazima uiname. Shangazi akifika mlangoni miguu iliganda kana kwamba imeshikwa na udongo. Angesimama hapo, amejikunja, hawezi mbele wala nyuma. Binti yake hakumvuta. Alimpigia makofi mdundo wa muheme, taratibu, na kwa pigo la tatu au la nne mguu uling'oka na shangazi akaingia ndani kama anayecheza. Tulidhani ni utani wao. Mwaka 2010 Lynn Rochester wa Newcastle, Uingereza, pamoja na madaktari wa Kilimanjaro, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Wilaya ya Hai kwa wagonjwa 21 ambao walikuwa hawajawahi kutumia dawa ya Parkinson. Waliwatembeza kwa kufuata mapigo ya kifaa cha kuhesabia mdundo. Hatua zilirefuka, mwendo ukaongezeka. Ubongo uliopoteza mdundo wake wa ndani unaweza kuazima wa nje. Binti wa shangazi alikuwa akiuazimisha bure, na hakuwa na kifaa chochote zaidi ya viganja vyake.

Nisije nikapamba mambo ya zamani. Palikuwa na bibi mwingine ambaye ugonjwa haukuanza na mtetemeko bali na uso. Uso wake uliganda. Ukimsalimia, akakujibu kwa sauti ya chini bila hata kope kupepesa, ulidhani amekununia. Katika jamii ambayo salamu ni nusu ya undugu, uso usiocheka ni shtaka. Mtoto wa jirani alipougua, watu wakaanza kunong'ona. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga Sheria ya Uchawi tangu 1928, lakini sheria haikuzuia minong'ono. Hakupigwa, Mungu alimnusuru. Aliachwa tu. Hakuitwa kwenye unyago, hakupelekewa kitoweo, na mwanawe mwishowe akamhamishia kwa wajomba. Ugonjwa wake na wa fundi ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba fundi alibakiziwa kazi na mahali pa kukaa, na huyu alinyang'anywa vyote.

Halafu ikaja Operesheni Dodoma. Ilianza kati ya 1970 na 1971, kabla ya mikoa mingi mingine, na kuzitoa kaya zilizotawanyika na kuzipanga kwenye vijiji. Wanahistoria wameandika mengi juu ya ng'ombe na mashamba. Mimi nilitazama wazee. Katika kaya ya zamani mzee mgumu alijua kila jiwe la ua wake; miguu ilikariri njia ya zizini hata macho yalipochoka. Kijijini alipewa nyumba mpya kwenye mstari, njia mpya, jirani pua kwa pua. Wapo walioanza kuanguka mwaka ule ule, na watu wakasema kijiji kimewazeesha. Kwa upande wa pili, shule ilisogea, zahanati ikasogea, na mzee hakubaki peke yake vijana walipokwenda shambani. Faida na hasara vilikuja kwenye lori moja.

Mwaka 1973 ndipo ilipofika kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa kwa makundi kuzunguka redio, kitabu mkononi, tukijifunza malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Vyoo vilichimbwa, nami nilichimba. Ilikuwa kampeni ya haki, kwa sababu wakati huo wastani wa umri wa kuishi Tanzania haukufika miaka 50, na watoto ndio waliokuwa wakizikwa. Ila kwa hesabu hiyo maradhi ya uzeeni hayakuwa na sura katika kitabu, na kwa miaka mingi baadaye hayakupata.

Huku Dodoma kulikuwa na jambo jingine lililotia giza. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa nchi nzima, na jina lake limekuwa mzaha wa kila kijiwe. Tangu miaka ya 1950 dawa mpya za magonjwa ya akili zilipoanza kutumika duniani, zilituliza wengi, lakini zina tabia moja: huzuia dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, isifanye kazi yake, na mtu huanza kutetemeka na kukakamaa kama mgonjwa wa Parkinson. Kwa hiyo mtu aliyerudi nyumbani kutoka hospitali ya akili, akitembea kwa hatua fupi, uso umeganda, alifundisha kijiji kizima somo potofu: anayetembea hivi ana wazimu. Kidonge cha kupunguza mtetemeko huo, benzheksoli, kikawa kinapatikana kwenye kliniki za akili, na kwa muda mrefu ndicho alichoweza kupewa hata mzee mwenye Parkinson halisi. Hupunguza mtetemeko kiasi. Kwa mzee pia hukausha mdomo na huweza kumchanganya akili, na hapo kijiji husema, tuliwaambia.

Jina lenyewe lilitufikia kwa njia ya ngumi. Februari 1980 bondia Muhammad Ali alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Watu walimpokea kwa shangwe. Mwalimu Nyerere hakukubali kukutana naye. Wanamichezo wetu walikwenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui. Mwaka 1984 Ali akatangazwa kuwa na dalili za Parkinson, na 1996 dunia ilimwona Atlanta akiwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono wake wa kushoto ukitetemeka. Katika ofisi ya walimu tuliibishania picha hiyo ya gazeti. Mmoja akasema ni ngumi za kichwa. Mimi nilitazama ule mkono wa kushoto na kusema huyu ni fundi wa vigoda.

Kuhesabiwa kulikuja baadaye, na hakukuanzia kwetu. Richard Walker, Catherine Dotchin, Oliver Msuya na wenzao walipita nyumba kwa nyumba Wilaya ya Hai, na mwaka 2008 wakachapisha walichokuta: kati ya watu 161,071, wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa nini. Mwaka 2011 Gerry Mshana, Dotchin na Walker wakachapisha masimulizi ya wagonjwa, walezi na waganga wa huko huko. Niliposomewa muhtasari wake nilisikia sauti za Kibakwe: ni uzee, ni mkono wa mtu, tulikwenda kwa mganga kwanza. Thelathini na tatu si wengi, lakini kabla ya hapo hesabu ilikuwa sifuri, na bohari haileti dawa ya watu sifuri.

Kwangu ugonjwa ulianzia kwenye mwandiko. Nimeandika ubaoni maisha yangu yote, herufi za kusomeka kutoka dawati la mwisho. Baada ya kustaafu nikawa katibu wa kikundi chetu cha VICOBA, na daftari ndilo lililonisema: kila mstari ulianza kwa herufi kubwa na kuishia kama nyayo za sisimizi. Kituo kimoja kikanipa dawa ya baridi yabisi. Kingine kikaniambia, mama, umri umekwenda. Ni Dodoma mjini ambapo daktari kijana aliniomba nifungue na kufumba ngumi haraka haraka, nitembee ukumbini, nigeuke. Hakuchukua hata damu. Alinitazama kama Parkinson alivyowatazama wale wa barabarani, kisha akaniandikia levodopa.

Dawa hii ina historia ya kusisimua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz aligundua kwamba ubongo wa waliokufa na Parkinson umepungukiwa dopamini. Mwaka 1961 yeye na Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na watu waliokuwa hawainuki wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias huko Marekani akaonyesha kwamba inaweza kumezwa kila siku kwa kipimo kinachopandishwa polepole. Mimi nilikuwa darasani nikijifunza desimali. Shangazi alikuwa akiganda mlangoni.

Levodopa haiponyi. Hununua saa. Nikimeza asubuhi kabla ya uji, baada ya kitambo najisikia kama mlango umefunguliwa: nafunga kitenge mwenyewe, nasonga ugali wa watu wawili. Kisha saa zinaisha na mlango unajifunga. Nimejifunza kwamba kidonge kikikutana tumboni na nyama, maharage au maziwa, kinapigania njia ya kuingia mwilini na mara nyingi hushindwa. Kwa hiyo nameza kama nusu saa kabla ya kula, na kitoweo kizito nakiweka jioni. Mchana nakula ugali laini na mlenda. Wageni huwacheka Wagogo kwa mlenda, lakini koo linalosahau kumeza linaushukuru: unateleza. Shida kubwa ni kufuata vidonge. Duka la hapa hawana, naagiza Mpwapwa au Dodoma kwa kondakta, na masika barabara ikikatika nabaki kuhesabu vilivyomo kwenye karatasi.

Vijana wa kikundi huniuliza kuhusu upupu. Naujua upupu: wanafunzi watukutu waliwahi kuupaka kwenye kiti changu. Mbegu zake kweli zina levodopa, takriban asilimia 5 ya uzito, na mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake walichapisha jaribio la Bolivia lililoonyesha kwamba unga wake unaweza kumfanyia mgonjwa kazi inayokaribiana na ya kidonge. Hao walipima kila gramu mbele ya daktari. Kijiko cha jikoni si mizani, na kutapika na kizunguzungu cha dozi kubwa humwangusha mzee. Nawaambia wasubiri wataalamu wetu waufanyie kazi, maana mmea upo hapa hapa vichakani.

Ninawaonya pia juu ya mabomba ya mgongoni. Kwenye vitunguu wanapulizia dawa kifua wazi, bila glavu, na chupa tupu wanachotea maji. Shirika la Afya Duniani linataja viuatilifu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya Parkinson, na limekadiria kwamba mwaka 2019 walioishi na ugonjwa huu duniani walizidi milioni 8.5, mara mbili ya idadi ya miaka 25 kabla ya hapo. Fundi wa vigoda hakuwahi kushika bomba, kwa hiyo siwezi kusema dawa za shamba ndizo chanzo. Nasema tusiongeze.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inatamka haki ya mzee kupata matibabu, na asiyejiweza mwenye miaka 60 na zaidi halipii huduma ya serikali. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua, nami nazipongeza. Lakini msamaha wa kulipia dawa ambayo haipo rafuni hauniongezei hata saa moja. Levodopa ifike kituo cha afya kama inavyofika dawa ya shinikizo la damu, na muuguzi wa hapo afundishwe kile kipimo cha ngumi na mwendo, ambacho hakihitaji mashine.

Na ikifika, bado lile la fundi na la bibi aliyehamishwa litabaki mikononi mwetu. Mwandiko wangu uliposhindwa, kikundi cha VICOBA kingeweza kuchagua katibu mwingine na kuniaga kwa khanga. Walinikalisha na binti wa kidato cha nne: yeye anaandika, mimi nahakiki hesabu, na fedha hazifungwi sandukuni mpaka niseme zimetimia. Mikutano wameisogeza saa nne asubuhi, saa ambazo kidonge changu kimekolea. Hakuna aliyesoma jarida lolote la tiba. Walitaka hesabu zao ziwe sahihi, na wakajua bado mimi ndiye ninayeziweza.